Mama wa Ng'ambo ya Mtaro

Jumatatu, 1 Julai 2019

Leo mkazamwana wangu ameniuliza meza ni dume au jike.

Sijanywa hata kahawa! Kwao Bosnia, anasema Amra, kila kitu kina jinsia yake: meza dume, kiti jike, bahari si huyu wala yule. Nikamwambia meza zetu ni meza tu. Zina stara zao, hatuzifunui.

Akahamia kwenye wingi. Kimalei hakina wingi. Kitabu ni kitabu, kiwe kimoja, kiwe lori zima. Sasa mtu anajuaje kama ni kimoja? Anatazama! Macho Mungu kampa ya nini? Na akitaka sana kuonyesha kwamba ni vingi, basi atarudia neno: nyumba-nyumba, mti-mti. Ila akishataja idadi asirudie tena. Umeshaambiwa tano, unataka upigiwe na ngoma?

Miaka thelathini nimefundisha Kimalei hapa Kuala Pilah. Nikastaafu nipumzike. Ndipo Izwan, mwanangu wa pekee, akaoa msichana aliyesoma naye chuo, akaniletea nyumbani na mimba yake, kisha akapanda helikopta kurudi kwenye mtambo wa mafuta baharini huko Sarawak. Agizo aliloniachia: "Mfundishe lugha, Mama." Ahsante sana, mwanangu. Wenzangu huletewa mashine ya kufulia.

Miezi mitatu sasa yumo humu, na bado hajaniita chochote. Kwetu mkubwa haambiwi "wewe". Unamtaja kwa jina la nafasi yake: Mama amekula? Mwalimu anatoka? Amra yeye anasema "umekula?" hewani, kama anamuuliza paka. Sentensi zake zote zinanifikia bila kichwa. Sijali. Naandika tu kwamba nimeona.

Jumatano, 3 Julai

Somo la kuhesabu. Hapa ndipo wageni hulia.

Kwetu huwezi kuhesabu kitu kabla hujaamua ni kitu cha namna gani. Mtu anahesabiwa kwa "mtu", mnyama kwa "mkia", nyumba kwa "tunda", yai kwa "mbegu", jino kwa "shina". Mwavuli unahesabiwa kwa "mguu". Amra alicheka mpaka akashika tumbo. Mguu wake uko wapi? Nikamwambia siku mvua ikimkuta njiani na mwavuli haupo, atajua umeondoka kwa mguu gani.

Nimebandika karatasi kila mahali: mlango, sufuria, kabati, feni. Paka wetu Tompok naye alibandikwa, akaenda kulivua jina lake kwenye kichaka. Nyumba inaonekana kama duka linalofungwa.

Alasiri Amra akachungulia dirishani, akatangaza kwa Kimalei safi kabisa: "Jirani mkia mmoja anakuja." Alikuwa Rubiah. Sikumsahihisha. Mwalimu naye ni binadamu, huchoka.

Rubiah ni jirani wa ng'ambo ya mtaro. Tumezeeka pamoja kwa kununiana. Mdoriani umesimama kwake, tawi lake kubwa limelala kwangu, na doriani likiiva haliulizi mpaka. Kila msimu anavuka na kikapu kutafuta "zake". Na mimi kila msimu namwambia sijaona hata moja, huku kinywa kinanuka soko zima. Leo kapata mbili. Nyingine tulikuwa tumeshazikalia, mimi na Amra, chini ya kanga.

Amra anamwita Mama Mdogo. Bila kusita! Rubiah alimwambia siku ya kwanza tu: "Niite Mama Mdogo, mtoto wee, yaishe." Kumbe ni rahisi hivyo. Mimi nangoja nipewe kwa hiari. Elimu nyingi nayo ina hasara zake.

Ijumaa, 5 Julai

Amekuja Norlida, binti wa marehemu mdogo wangu wa kike. Ameleta futikamba. Anapima madirisha!

Nyumba ni yangu na bado napumua, lakini Norlida ni mtu wa kupanga mapema. Kwetu nyumba na ukoo hupitia kwa wanawake. Mwanamume ni mtu wa kuja na sanduku na kuondoka na sanduku. Sina binti. Basi nyumba ya mama yangu, iliyokuwa ya mama yake, itamwendea Norlida na mapazia yake. Sina kinyongo.

Ninacho.

Tukiwa tunakunywa chai Amra akauliza: na mtoto wangu je, yeye ni wa ukoo gani? Norlida akaacha kupima. Mimi nikakimbilia jikoni kukoroga sufuria ambayo haikuwa motoni. Jibu ni fupi: hana. Ukoo ni wa mama, na mama katoka Bosnia. Mjukuu wangu atazaliwa chini ya paa hili na hatakuwa wa mtu yeyote. Harusini hatakuwa na mkeka wa kukalia na wenzake. Siku ya posa hatakuwa na mjomba wa kumsemea. Akifiwa, watu watakuja kumpa pole kama wanavyompa mpangaji, wamevaa viatu.

Norlida ndiye aliyemweleza. Kwa upole, neno kwa neno, hakuficha wala hakuongeza. Nimemchukia siku nzima.

Jumapili, 7 Julai

Izwan amepiga simu. Nikamsimulia. Akasema, Mama, si kuna ile ya kupokewa ukoo? Mgeni anapata mama wa kimila, anaingia ukoo wa huyo mama, na watoto wanamfuata. Nikasema ipo. Akasema basi mtafutie.

Mtafutie! Kama natafuta kitasa. Nikataka kumuuliza yeye atafanya nini — mtandao ukakatika. Mtandao wa huko baharini una akili sana. Haujawahi kukatika akiagiza viungo vya kutumiwa.

Amra alisikia yote. Akaendelea kukunja nguo ndogo ndogo za mtoto. Kisha akauliza, hewani kama kawaida: nguo zinahesabiwa kwa nini? Nikasema kwa "jani". Akahesabu majani yote, taratibu, mpaka mwisho. Nikaondoka. Sikupenda sauti yake.

Jumanne, 9 Julai

Mwandiko umepinda leo, samahani. Namwomba nani samahani? Hakuna asomaye.

Asubuhi nilikuwa nafagia chini ya tawi la Rubiah. Juu kuna kitu kililia, nimeambiwa. Mimi sikusikia. Masikio yangu yalistaafu kabla yangu. Nilichosikia ni hiki tu:

"MAMA!"

Nikaruka. Mimi na magoti haya, nikaruka! Doriani likatua pale pale kichwa changu kilipokuwa, likadidimia ardhini na miiba yake yote.

Amra alikuwa juu ya ngazi ya nyumba — zetu husimama juu ya nguzo — mkono mmoja tumboni, mwingine mdomoni, kama aliyevunja sahani ya watu. Akaanza kushuka mbio. Nami nikamwambia — Mungu wangu — nikamwambia, "Polepole, ngazi ina umande." Miezi mitatu nangoja neno moja, limekuja na kuniokoa fuvu, na mimi namsomea kanuni za ngazi.

Ng'ambo Rubiah akapaza sauti: "Doriani langu hilo!"

Tumelila. Lilikuwa tamu mno.

Alhamisi, 11 Julai

Tangu juzi ni Mama asubuhi, Mama jioni. Mama chumvi iko wapi. Mama, Tompok katapika. Mama, hii karatasi imedondoka kwenye feni. Mara nyingine najifanya sijasikia ili arudie. Rubiah kaniuliza ninachekacheka nini peke yangu uani. Nikamwambia ni meno mapya.

Leo tukichambua dagaa akanieleza. Mama yake aliuawa vitani yeye akiwa bado mtoto wa kunyonya. Kalelewa na bibi. "Neno lenyewe sikuwahi kulitumia," akasema. "Sikuwa na mazoezi nalo. Niliogopa kulikosea mbele ya mwalimu."

Nilikuwa na la kujibu, la kejeli kama kawaida yangu. Nikaliacha. Nikamwambia dagaa hawa wana mchanga.

Nampenda. Nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 13 Julai

Nimefanya ujinga ambao kijiji hiki kitausimulia mpaka mjukuu wangu ang'oke meno. Acha niuandike mwenyewe kabla hawajautia chumvi.

Buapak Mahat aliita watu nyumbani kwake kuzungumzia suala la Amra. Buapak ndiye mkuu wa ukoo wetu wa Tanah Datar. Zamani alikuwa fundi baiskeli, na mpaka leo akikutazama unahisi anakagua mnyororo wako. Akauliza kwa utaratibu: nani atampokea mke wa Izwan awe binti yake wa kimila? Majirani wa koo nyingine walikuwapo, na Rubiah wa ukoo wa Mungkal akiwamo, anatafuna kashata.

 Kila mwanamke akagundua mkeka una mistari ya kuvutia. Naelewa. Binti wa kimila anaingia kwenye hesabu ya mabinti wa kurithi, na kila mmoja ana wake. Amra alikaa ubavuni mwangu, mkono wake chini ya wangu. Alielewa maneno machache tu, lakini kimya hakihitaji kamusi. Nikausikia mkono unapoa.

Damu ikanipanda. Nikasimama.

"Basi!" nikasema. "Kama hakuna anayemtaka, nampokea mimi. Kuanzia leo Amra ni binti yangu, wa tumbo langu, wa ukoo wa Tanah Datar! Aliye na neno aseme!"

Nilitegemea machozi. Angalau kikohozi kimoja cha heshima. Buapak akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," akasema, "Izwan ni mwana wa nani?"

"Wangu! Wa nani tena?"

"Wa ukoo gani?"

"Wa Tanah —"

Hapo ndipo nilipoketi.

Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji kizima, kidole juu, nikitangaza kwa sauti ya darasani kwamba mwanangu amemuoa dada yake na amempa mimba!

Mtu mmoja kapaliwa na kahawa. Norlida kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtetemeka. Buapak akanitazama kwa huruma ya fundi aliyeletewa baiskeli iliyopitiwa na lori.

"Mwalimu, mimi sikio hili limeziba leo," akasema. "Maana nikiwa nimesikia, itanibidi niwatenganishe hao vijana kabla ya chakula, na wali umeshaiva."

Kicheko kikalipuka mpaka kuku wakatoka chini ya sakafu. Mimi, niliyewakaririsha watoto wa watu misemo ya mila kwa fimbo! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Njiani Amra akauliza: kwa hiyo mwanamke yeyote hapa anaweza kuwa mama yangu, isipokuwa Mama?

Nikamwambia ameelewa vizuri sana. Alama mia kwa mia.

Jumapili, 14 Julai

Sikutoka. Doriani zimeanguka upande wangu, nimezisikia. Zioze.

Jumatatu, 15 Julai

Rubiah amevuka mtaro akichechemea na mguu wake mbovu. Bila kikapu! Nikajua kuna msiba. Akaketi kwenye ngazi yangu bila kukaribishwa.

"Nitampokea mimi," akasema.

"Una mabinti wanne."

"Watano ni haramu?"

"Mtu ambaye hajawahi kunigawia hata kokwa la doriani!"

"Unaiba mwenyewe, nikugawie nini?"

Akasema mabinti zake wameridhia. Kaongea na wazee wa Mungkal, hakuna kizuizi. Mtoto atakuwa na wajomba tele, wanene wote, wenye sauti. Nikamuuliza anapata nini yeye. Akajikuna goti muda mrefu. Akasema siku ile ya doriani alimsikia yule mtoto akiniita.

"Nikapiga kelele za doriani," akasema. "Mtu ungesema nini kingine?"

Nikamkubalia kwa kichwa. Si kawaida yangu na haikunipendeza.

Kisha nikauliza lile lililokuwa linanikereketa: akishakuwa wako, mimi ataniita nani? Rubiah akacheka. Ataniita Mama, kama wakwe wote wanavyoitwa. Na yeye atamwita Mama. "Wewe kwa adabu, mimi kwa mila. Neno ni lile lile moja. Haya, mwalimu, nenda kalitenganishe."

Halitenganishiki. Halina dume wala jike, halina mwanzo wala mkia wa kukuonyesha ni la nani. Ukilisikia unatazama tu nani anageuka. Miaka thelathini nimewaambia watoto kwamba huo ndio uzuri wa lugha yetu. Ningejua ningewafundisha hesabu.

Nikampikia Rubiah kahawa. Niliwaza kutia chumvi. Nikatia sukari. Nina wivu mpaka meno yananiuma, na nimemwambia ahsante.

Jumatano, 17 Julai

Desturi ya kijiji chetu ni hii. Anayepokewa husimama chini ya ngazi ya mama mpya, akaita "Mama" mara tatu. Kwa ile ya tatu mama anaitika, anashuka, anamwagia maji miguuni, wanapanda pamoja. Anayeitika ndiye mama. Kuitika huko hakufutiki.

Ndiyo maana mama mkwe hakanyagi uani siku hiyo, asije akaitika kwa mazoea. Buapak kapita na pikipiki yake kunikumbusha, kana kwamba nimesahau kijiji kinanicheka kwa nini. "Ukiitika wewe, Mwalimu," akasema, "safari hii sikio langu litakuwa zima. Mtoto atakosa baba, na mwanao atakosa mke." Akakubali kahawa, vijiko vitano vya sukari.

Amra anataka mazoezi. Nani awe Rubiah? Tompok amekataa. Basi nikapanda mimi juu ya ngazi, nikachechemea kidogo ili iwe kweli, nikajikuna goti. Amra akasimama chini na tumbo lake. Akaita moja. Akaita mbili. Akaita tatu.

"Naam, binti yangu," nikasema.

Nikashuka na kata. Miguu imemvimba, maskini, viatu vyote vimemkataa. Nikamwagia maji taratibu mpaka kata ikaisha.

Tukarudia. Kuna mahali alikuwa anakosea.

Hakuwa anakosea popote.

Ijumaa, 19 Julai

Mkunga kamshika tumbo akasema mtoto ameshuka, hatangoja Agosti. Hizi ndizo habari za kumpa mwanamke mwenye sufuria ya moto mkononi! Akizaliwa kabla mama yake hajapokewa, anazaliwa hana ukoo, na wazee watatuambia tusubiri, na wazee wakisema tusubiri wana maana mpaka wafe wao. Buapak amesogeza siku ya kupokewa: keshokutwa.

Mbuzi amepatikana, mkia mmoja. Ananitazama kama mkaguzi wa shule.

Izwan hatapata helikopta. Upepo. Naam, upepo. Amelia kwenye simu lakini, nimemsikia, na mtandao safari hii haukukatika. Nikamwambia anyamaze, atamaliza maji ya baharini.

Norlida kaja kukuna nazi. Kakuna nazi thelathini — sikuwahi kusema hana mikono. Kisha akatoa mapazia kwenye mfuko, ya njano, yana bata wadogo. Nikamuuliza anataka kunitundikia bata kabla sijazikwa? Akanitazama, akashangaa kweli. "Ya chumba cha mtoto, Mama Mkubwa. Jua la asubuhi linaingia kitandani. Ulidhani nilikuwa napima nini?"

Nikamwambia bata wamekaa vizuri. Nikaenda kukoroga sufuria. Mara hii ilikuwa motoni.

Jumapili, 21 Julai

Nimekaa dirishani, chumba cha mtoto, nyuma ya bata. Naandika papo kwa papo. Mkono ukiwa na kazi, huenda mdomo ukatulia. Siuamini mdomo huu tangu ile Jumamosi.

Asubuhi nilimfunga mtandio. Nguo ya manjano nimemshonea mwenyewe, nimeachia nafasi mbele, haikutosha. Hakula. Akaniuliza, Mama, nikikosea? Nikamwambia atakosea wapi, neno lenyewe moja, hata wingi halina. Akacheka. Halafu akanishika kiunoni na hakuniachia, tumbo lile likiwa kati yetu, na huyo wa ndani akanipiga teke. Kweli kabisa, teke! Wa Mungkal hajawa, adabu ya Mungkal anayo.

Norlida ndiye aliyemvusha mtaro.

Ua wa Rubiah umejaa. Wali uliopikwa ndani ya mianzi umepangwa, nyama ya nazi inanukia mpaka huku. Wajomba wanene wamekaa mstari mmoja, benchi limepinda. Buapak kavaa koti la arusi yake, halifungiki. Rubiah juu ya ngazi, kata mkononi. Kasuka nywele! Sijamwona Rubiah kasuka nywele tangu azikwe mumewe.

Amra yuko chini ya ngazi. Mgongo wake ninauona, na nusu ya uso.

Buapak anasema maneno ya mila, anayavuta. "Afe mtoto, isife mila." Msemo huo tulikuwa tunauimba darasani kwa sauti nzuri sana. Hakuna hata mtoto mmoja aliyewahi kuniuliza: mtoto wa nani? Watoto wangu hawakuwa waulizaji. Amra angeuliza.

Buapak amemaliza.

Ameita. Mara ya kwanza. Sauti ndogo, ya kuomba chumvi.

Ya pili. Hii imevuka mtaro! Kwani lazima apaze hivyo? Rubiah yuko juu yake pale pale, si kiziwi. Kiziwi ni mimi. Mbona nasikia kila kitu leo?

Ya tatu bado.  Kashika ngazi, kajikunja kidogo — mkono tumboni — mkunga anasogea — la, amesimama. Amemzuia mkunga kwa mkono. Buapak anamtikisia kichwa, endelea, endelea. Hamtazami Buapak. Hamtazami Rubiah. Amegeuka.

Anatazama dirisha hili.

Na Rubiah naye anatazama huku. Maji yanadondoka kwenye kata yake, hajui. Mnanitazama nini ninyi? Nimejificha nyuma ya bata!

Ameita.

Ile ile, kama siku ya doriani, yote, kutoka chini kabisa. Nimeziba mdomo kwa mkono wa kushoto, nauma kidole. Rubiah haitiki. Kwa nini haitiki? Ananingoja, mpumbavu yule! Ananipa nafasi! Leo ndio ameona atoe zawadi, leo!

Amra amejikunja tena. Kweli sasa. Mkunga amemshika, na bado uso uko huku.

Itika, Rubiah. Itika, dada yangu. Mtoto wetu anaita —